Fremu ya Karibu na Dirisha

Ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu nilidhani ni matapeli. Namba ngeni, salamu ndefu, halafu: mama ametutoka, mazishi ni Jumamosi, naomba uje. Siku hizi watu wanazika hata walio hai ili uwatumie nauli, kwa hiyo niliifunika simu kifudifudi kando ya ungo nikaendelea kuchambua mchele wangu. Jioni namba ileile ikapiga. Sauti ya mwanamke ikaniita Tuse, jina ambalo hapa Iyunga, Mbeya, hakuna anayelitumia, maana hapa mimi ni Mama Gwamaka kwa wakubwa na bibi kwa wadogo. Akasema yeye ni Upendo, binti wa yule mwalimu aliyenifundisha kufuma Iringa, na kwamba namba yangu kaipata kwa mtu wa kanisani. Nikamuuliza maswali ya kumtega. Mlango wa nyumba ya kufumia ulikuwa unaangalia wapi? Chai tulikuwa tunanywea nini? Mama yake akikasirika alikuwa anafanyaje? Akajibu yote bila kusita, na la mwisho akalijibu huku analia: mama akikasirika alikuwa ananyamaza na kuanza kuviringisha uzi. Hapo nikaamini, na hapo na mimi nikalia.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Nikinunua sukari naipima upya nyumbani. Mgeni akinisifia chapati zangu najiuliza anataka nini. Wanangu wanasema Jeshi la Polisi lilipoteza askari mzuri, na wakisema hivyo huwa nawaangalia vizuri nione nani ametangulia kucheka. Sijui tabia hii ilianzia wapi, na mambo ya nyumbani kwetu nayaacha, si ya hapa. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na mwaka mmoja, nikiwa msichana, ambao kila siku kwa saa kadhaa tabia hii ilinitoka kabisa. Katika mwaka huohuo nilimwamini mtu mmoja tu, na huyo ndiye niliyekuwa naitwa kwenda kumzika.

Nilifika Iringa nikitokea Rujewa, kwa mjomba wangu aliyekuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Aliyewahi kuishi kwenye mashine ya mpunga anajua maisha yale. Kelele inaanza kabla hujanawa uso, pumba zinaingia kwenye nywele, kwenye mboga, hadi kwenye ndoto zako, na wateja wanakuangalia mikono kama vile umeficha debe lao chini ya kanga. Usharika mmoja wa Iringa ulipotangaza kwamba unachukua wasichana wa kujifunza kufuma, mjomba akasema niende, nikishindwa nirudi kufagia pumba. Sikusahau neno hilo hata siku moja. Nikishindwa, pumba.

Nyumba ya kufumia ilikuwa nyuma ya ukumbi wa kanisa, na zamani ilikuwa ghala la mahindi. Kuta zilipakwa chokaa, lakini mvua ikinyesha harufu ya mahindi ilirudi. Kulikuwa na meza mbili ndefu, na juu yake fremu zetu, vitanda vidogo vya mbao vya kufumia, kila msichana angeweza kukibeba chake kwapani. Nyuzi za mtande zilivutwa kutoka mti wa nyuma hadi mti wa mbele, unapitisha uzi mwingine katikati yake kwenda na kurudi, kisha unaugonga kwa kitana ukae. Kazi yote ni hiyo, mtu anaweza kuieleza akiwa mlangoni. Tulianza wasichana wengi kidogo. Masika ilipokwisha wengine walikuwa wameolewa, wengine wamerudi shamba, tukabaki mimi na Editha wa Ilula. Mimi nilikaa karibu na dirisha. Editha alikaa mkabala na mimi, mahali ambapo nilimwona vizuri, na nilihakikisha namwona.

Utamu wa kazi ile sijui niuelezeje. Asubuhi za Juni, baridi ya Iringa ikiwa imekaza vidole, Mama Upendo alikuwa anaweka jiko la mkaa katikati ya chumba na sufuria ya chai juu yake, na tulinywea kwenye makopo ya maziwa ya unga yaliyokunjwa midomo. Unakunywa, unakaa, unaanza. Mwanzoni mawazo yanakwenda mbio: nani alikuwa anacheka jana jikoni, kwa nini sabuni yangu imepungua, mchungaji alisimama kuongea na nani. Uzi unakwenda, unarudi, kitana kinagonga. Baada ya muda unagundua kwamba pumzi yako inafuata mkono. Halafu hugundui chochote. Kitambaa kinaongezeka chini ya vidole, kidogo, upana wa kucha, upana wa kidole, na hakuna mtu duniani anayekudai maelezo. Mara nyingi kengele ya chakula ililia nikashtuka, na ndipo nilipojua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimemshuku mtu yeyote. Nilikuwa nainuka pale nikiwa nimepumzika kuliko mtu aliyelala.

Kisha tunakwenda kula na mashaka yananirudia. Tulikula jikoni, ugali na maharage, siku njema mboga ya maboga iliyoungwa karanga. Editha na mpishi waliongea Kihehe, mimi Mnyakyusa nikabaki naitazama midomo. Walikuwa wanasalimiana kamwene, kamwene, hadi hapo tupo pamoja, halafu maneno yanakimbia na kicheko kinafuata, na mimi nimeshajua kwamba kicheko hicho ni changu. Editha akirudi kutoka kwao Ilula alileta nyanya kwenye kitambaa, akanichagulia kubwa kuliko zote. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kwa sababu ni kubwa. Niliila, ilikuwa tamu, na nikalala nikiwaza jibu lile. Tulilala chumba kimoja, na sanduku langu nililiweka upande wa ukutani.

Mama Upendo alikuwa mwanamke mfupi, mjane, wa sauti ya chini. Hakuwa anasifia kazi wala kugomba. Alikuwa anapitisha kidole kwenye ukingo wa kitambaa chako kutoka chini hadi juu, na kidole kikisimama unajua pana kasoro. Kwa sababu hakunisifia, nilimwamini. Alikuwa na taratibu zake, na moja ilikuwa hii: mtu akiugua na mwenzake akalazimika kuimalizia kazi yake, kabla ya kuanza anapitisha uzi mmoja mwekundu, upana mzima, ndipo aendelee. Ni mpaka. Chini ya uzi mwekundu ni mkono wa fulani, juu yake ni mkono wa mwingine. Alisema kazi mbaya isimwangukie asiyeifanya na nzuri asiibebe asiyeifuma. Mimi utaratibu huo niliupenda kuliko yote. Nilitamani na mazungumzo ya jikoni yawe na uzi wa namna hiyo.

Baada ya mavuno tuliambiwa kila mmoja afume kitambaa kirefu cha meza, cha rangi ya kahawia na nyeupe, ambacho wazee wa usharika wangekiangalia mwisho wa mwaka. Nikatandika mtande wangu kwa pupa, nikapitisha nyuzi mbili kwenye tundu moja la kitana, upande wa kushoto karibu na ukingo. Kosa hilo hulioni mpaka umeshafuma kiasi. Linatokea kama kamstari kembamba kalikotuna, na kwa kuwa liko kwenye mtande litakwenda nawe hadi mwisho wa kitambaa. Nilitaka kufumua yote. Mama Upendo akapitisha kidole, kidole kikasimama, akasema niache, wazee hawatakaona, na nitakajua mimi peke yangu. Nikaendelea. Ile ikawa kazi bora niliyowahi kufanya, pamoja na kamstari kake.

Siku moja nilikwenda jikoni kuchukua mkaa. Chumba cha wageni kilikuwa kimepakana na jiko, na ukuta ule ulikuwa wa mbao tu. Mchungaji alikuwa anakunywa chai na mzee mmoja wa baraza. Mzee alisema kwamba macho ya Mama Upendo yameanza kumsumbua, hata uzi sasa anatungiwa. Mchungaji akasema ni kweli, na kwamba mwisho wa mwaka waangalie kazi za wale mabinti wawili; ikionekana mmoja anaweza, akabidhiwe darasa na mama apumzike. Halafu mzee akasema yule wa dirishani ndiye mwenye mkono. Nilisimama na mkaa wangu. Nilijua kwamba yule wa dirishani ni mimi. Nikiwa mwalimu sitarudi kwenye pumba, fremu ile itakuwa yangu, dirisha lile litakuwa langu, kila asubuhi, hadi nizeeke.

Mtu mwingine angekwenda kumwambia rafiki yake. Mimi sikuwa na rafiki, nilikuwa na Mama Upendo. Nikamwambia yote, hadi la macho, kwa sababu niliona ni haki yake kujua wanavyomsema. Hakunijibu. Aliokota kidonge cha uzi kilichokuwa kimeshaviringishwa, akakifungua, akaanza kukiviringisha upya. Nikafurahi kwamba amewakasirikia kwa niaba yake na yangu. Mwishowe akaniambia nikafume, mwanangu, muda ni mfupi.

Jumapili iliyotangulia siku ya wazee, nilikuwa nimebakiza kama shibiri moja nimalize. Tulikwenda ibada. Katikati ya mahubiri Editha aliinuka ameshika tumbo, akatoka. Nilimwona, maana nilikuwa nimekaa mahali pa kumwona. Tuliporudi baada ya chakula, nilikwenda kuiangalia kazi yangu kama mtu anavyokwenda kuangalia mtoto aliyelala. Meza karibu na dirisha ilikuwa tupu. Hakikuwa kimeibwa kitambaa tu. Fremu nzima ilikuwa imeondoka na kitambaa juu yake, na mahali pake palikuwa pamebaki umbo safi lisilo na vumbi. Dirisha lilikuwa wazi nusu. Nilikaa chini sakafuni.

Tulitafuta hadi kwenye shamba la mahindi. Mama Upendo alinishika mkono. Nilimwambia ni Editha, ametoka kanisani katikati ya ibada. Akaniambia, "Mwanangu, usimtaje mtu ambaye hukumwona." Niliona ni utu tu wa mama yule, kumtetea hata mwizi. Nikanyamaza kwa ajili yake. Lakini tangu siku ile sikumsemesha Editha hata neno moja, na yeye hakuniuliza kwa nini, jambo ambalo kwangu lilikuwa ni ushahidi tosha.

Siku ya wazee kikaletwa kitambaa kimoja, cha Editha. Kingo zake zilikuwa zinayumba kama njia ya ng'ombe wa Usangu. Wazee walikigeuza, wakakirudisha, wakasema mabinti bado hawajaiva, mama aendelee na darasa, Mungu amtie nguvu. Mimi sikuwa na cha kuonyesha. Juma lililofuata nilipanda basi kurudi Rujewa, na mjomba alikuwa ameshaniandalia ufagio.

Miaka mingi sana ilipita kabla sijashika fremu tena. Niliolewa huku Iyunga, nikazaa, nikauza mchele, nikazika mume. Watoto walipomaliza shule nilimchorea fundi seremala mmoja umbo nililolikumbuka, akanitengenezea fremu, nikaiweka sebuleni karibu na dirisha. Huwa nafuma asubuhi kabla malori ya barabara kuu hayajachachamaa. Yale mapumziko yalinirudia, lakini si yote. Kila nilipokaa nilimkuta Editha kwenye kona ya jicho langu, ametoka kanisani ameshika tumbo. Hata utulivu wangu alikuwa ameuiba nusu.

Ndiye mtu wa kwanza niliyemwona msibani. Amenenepa, amevaa sweta ya kijani, ameshuka na kreti la nyanya kwa ajili ya mboga ya waombolezaji, anawaelekeza vijana waliweke wapi. Akaniona. Akasema, "Tuse. Kamwene." Nikaitikia kamwene, na yakaishia hapo. Tuliimba upande mmoja wa kaburi, tukatupa udongo, na wakati wote nilikuwa namtazama analia, nikijiuliza kama mwizi anaweza kulia namna ile kwa mtu ambaye yeye ndiye aliyemharibia darasa.

Baada ya maziko Upendo alituita wote wawili chumbani kwa mama yake, eti wanafunzi wa zamani wapumzike mbali na kelele. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda, kabati, kiti karibu na dirisha. Juu ya egemeo la kiti kulikuwa na kitambaa kirefu, chembamba, cha kahawia na nyeupe, kimefuliwa hadi kimelainika. Upendo alikichukua akaniwekea mabegani, kwa sababu alasiri ilikuwa imeanza kuwa na baridi. "Alikuwa anajifunga shingoni," akasema. "Humu ndani tu. Kanisani nilimwambia avae, akakataa. Anasema hiki ni cha nyumbani."

Mkono wangu ulijua kabla yangu. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye ukingo wa kushoto, kikapanda, kikakuta kamstari kametuna. Nyuzi mbili kwenye tundu moja. Nikafuata kamstari kale kwa kidole, kitambaa chote kikipita mikononi mwangu, hadi karibu na mwisho, na huko nikauona uzi mwekundu. Mmoja, upana mzima. Baada yake palikuwa na shibiri moja ya mkono mwingine, mkono wa mtu aliyekuwa anagonga taratibu na kuruka nyuzi hapa na pale kwa sababu hazioni. Mama Upendo ndiye aliyekuwa ameibeba fremu yangu kwapani, ameificha nyumbani kwake, na siku fulani akakaa akaimalizia. Na kabla ya kuanza aliweka mpaka.

Nilihisi hasira ambayo sikuwa najua bado ninayo. Nilitaka kumfukua nimuulize. Nilikuwa nimemshuku mpishi, mchungaji, sabuni, nyanya, na nilikuwa nimemwamini yeye peke yake, nikampelekea mwenyewe kwa mdomo wangu sababu ya kuniogopa. Na nilikuwa nimempenda, hilo nalo lilikuwepo palepale, halikuondoka.

Editha alikuwa amesogea. Naye alipitisha kidole kama tulivyofundishwa, na kidole chake kikasimama kwenye uzi mwekundu.

Upendo akatutazama mmoja mmoja. "Kumbe mnakifahamu? Alikuwa anasema ni kazi ya mwanafunzi wake bora kuliko wote. Nikimuuliza nani, ananyamaza."

"Ni ya Tuse," akasema Editha.

"Sasa mbona hakumpa?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno yote, nimeyatunza tangu usichana wangu, nilikuwa nimekosea tu jina la mtu wa kumpa. Editha akaniwahi. "Kilikuwa hakijaisha, mwanangu," akamwambia Upendo. "Si unaona hapa? Alikuwa anammalizia mwenzake." Upendo akakishika pale mwishoni akaanza kulia upya, kwa namna nyingine, na mimi nikamwacha aamini hivyo.

Tulipotoka uani nilimuuliza kwa nini amemfunika yule mama, yeye ambaye ndiye aliyebebeshwa lawama. Nilimuuliza kwa ukali, maana wema wa ghafla haujawahi kunikaa vizuri.

"Mtoto kamzika mama yake leo," akasema. "Wewe ungetaka asikie nini?"

"Ulijua kwamba nilikushuku wewe?"

"Nilijua. Na mimi nilifikiri umekificha mwenyewe ili wanione mimi mwizi." Akavuta sweta yake. "Tumbo lilikuwa linaniuma kweli, Tuse. Hukuniuliza hata siku moja."

"Na wewe hukukana."

"Ningekana nini, sijaulizwa?"

Upendo alining'ang'aniza nikichukue kitambaa kile. Stendi tuliachana, Editha akapanda gari la kwenda Ilula, mimi la Mbeya. Njia nzima kilikuwa mabegani mwangu, na kidole changu kikawa kinarudi kwenye uzi ule mwekundu. Ningeuvuta ungetoka, ni uzi mmoja tu, na mkono wake ungechanganyika na wangu hata mimi nisijue wa nani ni upi. Mbele ya Makambako niliushika kwa kucha. Nikauacha.

Juni iliyofuata Editha alikuja Iyunga kunitembelea, na nyanya zake. Nilimkaribisha sebuleni nikaenda jikoni kumenya ndizi. Nilikuwa nasikiliza, nikiri, kama sanduku au kabati linafunguliwa. Nilichosikia ni kitana kinagonga. Nilirudi na chai nikamkuta amekaa kwenye fremu yangu, miwani imeshuka puani, ameshafuma upana wa viganja viwili. Nikaweka chai chini nikakagua. Kingo zake bado zinayumba. Lakini pale kazi yangu ilipoishia, kabla ya yeye kuanza, alikuwa amepitisha uzi mwekundu aliokuja nao kutoka Ilula, ameuviringisha kwenye kipande cha karatasi. Nilivuta kiti nikakaa kando yake, nikamwangalia anavyofuma, na sikufumua.